Jembe la Siku ya Tatu

Ndugu zangu, kabla sijawaachia mwende mkale, nisikilizeni kidogo. Ninyi akina mama mnaotazama saa, wali hautaungua. Mmeacha mabinti nyumbani.

Kulikuwa na mwokaji mikate mmoja. Mikate yake, jamani! Ukipita kwake asubuhi nawe umefunga, ilibidi ubadilishe njia. Sifa zake zikavuka mipaka, zikafika masikioni mwa wenye hoteli kubwa, akaitwa na nchi mbili kwa mpigo. Moja ilikuwa nchi ya baridi, ya theluji. Nyingine ilikuwa nchi ya mchanga, ya joto na majengo marefu. Zote zilimtaka yeye pamoja na mkewe, na mkewe wakati huo alikuwa mjamzito, tumbo linatangulia mlangoni, mwenyewe anafuata.

Hapo ndipo mwokaji alipokosa raha. Si kwa ajili yake, yeye angeoka mkate hata juu ya jiwe. Alimfikiria mtoto. Mtoto huyo atazaliwa huko, atakulia huko, kwingine hatakujua. Je, atakuwa mtu wa huko, au atakuwa mpita njia mpaka anazeeka?

Akaanza kuulizauliza. Baridi yake ikoje? Nyumba zao zikoje? Nyama ya mbuzi inapatikana? Mkewe akamsikiliza, akamsikiliza, mwisho akachoka.

"Mume wangu, unauliza kama mtu anayenunua koti. Tunatafuta pa kuishi sisi, hatutafuti vazi."

"Sasa niulize nini?"

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Uliza hilo. Waulize waliokaa huko kama siku ya tatu walipewa jembe."

Mwokaji akacheka. "Yaani tuache tanuri twende tukalime?"

"Cheka tu. Methali hiyo mnaitumia kumsuta mgeni mvivu. Lakini nani humpa jembe mtu asiyemtaka? Ukimpa mtu jembe umemwonyesha shamba lako lilipo. Umemwambia, kuanzia leo wewe ni wa hapa, na mavuno yakija utakula kwa haki yako."

Mnamsikia mwanamke huyo? Nani kati yetu amewahi kuifikiria methali ile hivyo? Sisi tunaitumia kumwondoa shemeji!

Basi mwokaji akamwendea jamaa mmoja aliyerudi likizo kutoka nchi ya baridi, akamuuliza. Yule bwana akafikiri kwanza.

"Kwa wema nawasifu," akasema. "Wananisalimia, wananipisha njia, sikukuu ikifika wananiletea biskuti. Lakini jembe? Siku moja gari la jirani lilikwama, nikatoka mbio nilisukume. Akaniambia asante sana, usijisumbue. Akapiga simu, likaja gari la kulivuta. Nikabaki nimesimama pale na mikono yangu."

Akamwendea dada mmoja aliyerudi kutoka nchi ya mchanga.

"Jembe?" dada akasema. "Kaka yangu, jembe nilipewa nikiwa bado uwanja wa ndege. Maji ya kunywa ndiyo niliyasubiri mpaka jioni!"

Wakacheka wote wawili, ingawa haikuwa ya kuchekesha. Mwokaji akarudi nyumbani ameinamisha kichwa. Huku siku mbili zisizokwisha, huku siku ya tatu inayoanza kabla ya siku ya kwanza. Mtoto ampeleke wapi?

Ikatokea msiba mtaani. Mnajua wenyewe mambo yanavyokuwa. Wanaume wanapokezana majembe kuchimba kaburi, wazee na wageni wanakaa chini ya turubai na vikombe vya chai. Mwokaji alipomaliza zamu yake alikuja na jembe lake, jasho linamtiririka, akaketi karibu na fundi baiskeli mmoja. Fundi huyo alivuka mpaka zamani akaja kuishi pale. Mtaa mzima ulimwita Mgeni. Binti yake, aliyezaliwa pale pale na kusoma pale pale, alikuwa Binti Mgeni. Na msije mkadhani walimchukia. Walimpenda! Penye shughuli yoyote kiti chake kilikuwa cha kwanza kuletwa. Mgeni, kaa. Mgeni, pumzika. Jamani, Mgeni amepata chai?

"Hebu nisaidie," mwokaji akamwambia. "Wewe umetembea nchi kadhaa. Iko uliyopewa jembe siku ya tatu?"

"Iko," Mgeni akajibu. "Kule nilikokimbilia mwanzo hata siku ya tatu hawakuisubiri. Walinishika mkono, tukaezeka wote nyumba ya mjane. Vita ndivyo vilivyotutawanya, wao na mimi."

"Na nyingine?"

"Iko moja, kama una mtoto usimpeleke. Watu wake wana moyo, tena moyo mkubwa. Walinipokea, wakanilisha, nilipougua waliniuguza kama ndugu yao. Lakini jembe sijapewa mpaka leo. Nina mtoto amezaliwa huko, lugha yao anaisema kuliko wao, naye bado ni mgeni."

"Pole sana. Niambie ni nchi gani, niikwepe."

Mgeni akamalizia chai yake. Akakiweka kikombe chini.

"Ni hii."

Ndugu zangu, mngekuwa ninyi mngemjibu nini? Semeni kweli, tuko nyumbani mwa Mungu. Tungesema mtu huyu hana shukrani. Chai yetu ameinywa, kiti chetu amekikalia, halafu anatutukana! Tungeondoka pale tumenuna, na jioni mtaa mzima ungekuwa umeshapata habari.

Mwokaji hakununa. Mimi mtu huyu nampenda, nawaambia wazi. Aliona aibu, akakubali kuiona. Akainuka, akamnyooshea jembe.

"Shika. Zamu yako."

Wazee wakapaza sauti. "Wewe! Mwache Mgeni apumzike!"

"Amepumzika vya kutosha," mwokaji akasema. Kisha akamgeukia yule fundi. "Nisamehe, ndugu yangu. Jina lako hasa ni nani?"

"Sindayigaya."

Katika mfano huu sijamtaja mtu yeyote kwa jina. Huyu namtaja, kwa sababu siku hiyo ndiyo mtaa ule ulilisikia jina lake. Sindayigaya akavua koti, akashuka kaburini, akachimba. Zamu yake ikaisha, akakataa kutoka. Walipomsihi walimkuta analia huku anachimba, udongo na machozi vimechanganyika usoni, na hakuna aliyethubutu tena kumwambia pumzika.

Jioni mke akauliza, "Umechagua?"

"Nimechagua nchi ya baridi."

"Si walikwambia huko hawatoi jembe?"

"Watu wema wanaosahau kutoa jembe nawajua, mke wangu. Ni ndugu zangu. Nitaliomba mwenyewe."

Wakaenda. Siku ya tatu mwokaji akachungulia dirishani, akamwona jirani mzee anasukuma theluji mlangoni kwake kwa koleo. Akatoka, akanyoosha mkono aombe koleo. Mzee akamwambia asante, usijisumbue. Mwokaji hakurudi ndani. Akasimama pale na mkono wake, pua inachuruzika, meno yanagongana, mpaka yule mzee akacheka, akampa. Na usiku mke wa mwokaji aliposhikwa na uchungu, ni mlango gani mnadhani ulibishwa kwanza? Mzee alitoka mbio na ufunguo wa gari, viatu kavaa kushoto kulia. Mtoto alipoanza kusema, mzee yule alimwita babu.

Sasa sisi. Sisi tunaojulikana kwa karibu, karibu! Humu ndani mwetu wapo waliohamia kutoka mbali. Siku ya kwanza tunawasimamisha, tunawapigia makofi, wanakaa, na hapo tunawaacha. Kwaya inaimba, hawakuitwa. Kanisa linapakwa chokaa, hawakuitwa. Msiba ukitupata tunawakimbizia kiti, tunaona tumewaheshimu. Kumbe tunawaambia kila siku kwamba shamba hili si lenu. Na wewe uliyezoea kukikalia kiti hicho, inuka. Kina mto laini, lakini hakina shamba.

Mungu angeweza kutualika mezani tu, tule, tushukuru, twende zetu. Sisi tulikuwa nani kwake? Lakini alitutuma na shambani mwake, na kazi yake akaiweka mikononi mwetu, mikono hii hii unayoijua wewe jinsi ilivyo. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba ametufanya wake.

Nimemaliza. Baada ya ibada kuna viti vya kukusanya pale nje. Ukimwona mgeni anainuka kusaidia, ole wako umwambie akae.