Kwa Nini Kifauongo Hujikunja Kikiguswa

Nyinyi mnaokichokoa kifauongo kwa kidole cha mguu ili mcheke kikijikunja, rudisheni mguu huo kwanza. Mnachokicheka ni aibu ya mtu. Na mwenye aibu hiyo hakutoka mbali, alikuwa mkamwana wa hapa hapa Kizingo, akaletwa kwa ngoma na kupokewa kwa vigelegele kama walivyopokewa mama zenu.

Enzi hizo mimea yote ilikuwa na kauli. Haikusema ovyo kama watu, ilisema ikiguswa tu. Ukishika jani la mchicha ukaliuliza, linakujibu kama lina kiu au limeshiba. Ukiushika mgomba, unakuambia fuko amepita upande gani. Wala hapakuwa na mmea uliojua kusema uongo, kwa hiyo mkulima hakuhitaji akili nyingi, mkono ulimtosha. Kifauongo ndicho kilichokuwa na maneno kuliko yote. Kiliota kando ya kisima, kimesimama hadi kiunoni, majani wazi mchana na usiku, mwiba hakina hata mmoja. Kila mwanamke aliyekwenda kuteka maji alikigusa, akapata habari za mji mzima kabla ndoo haijajaa.

Mwatime aliolewa wakati wa kipupwe, mavuno yakiwa ghalani. Desturi ya Kizingo ilikuwa kwamba bibi harusi hapewi mafiga yake siku anapofika. Mwaka wa kwanza anapika jikoni kwa mama mkwe, kwa chungu cha mama mkwe na chumvi ya mama mkwe, na anakabidhiwa kipande cha bustani mbele ya nyumba akitunze kipupwe, vuli, kiangazi na masika. Kipupwe kikirudi, wanawake wazima wanakuja kukiuliza kile kipande kimetunzwaje. Kikisifu, mama mkwe anatua mafiga matatu mapya na mkamwana anakuwa mwenye jiko. Kikilalamika, anarudi kuomba chumvi. Na katika mwaka huo mama mkwe haingii mle bustanini wala hatoi neno la kufundisha, hata akiona mambo yanaharibika mbele ya macho yake.

Mwatime aliyataka mafiga yale. Kula alikula, lakini kila tonge la chungu cha mwenziwe lilimkaa kooni. Mumewe, Ndaro, hakumsaidia kitu. Mwanamume anayekula vizuri kwa mama yake hana haraka.

Sasa, huko alikotoka Mwatime, mwanamke anapimwa kwa fagio lake. Mama yake alikuwa akifagia mpaka kuku wanaona haya kupita. Naye Mwatime akaja na fagio la chelewa kwapani, akatazama kipande alichopewa, akaona kasoro moja tu. Katikati palisimama mti wa mkungu, na mkungu mnaujua, ukianza kupukutisha haumalizi. Majani mapana kama sahani, mekundu, yanaanguka pa, pa, kama mtu anayekutania. Mwatime aliyafagia asubuhi, akayafagia jioni, akayachoma. Akafagia mpaka udongo wenyewe ukang'aa kama sakafu.

Wapita njia wakamsifu. "Wali ukimwagika hapa kwa Mwatime, unaokota unakula." Sifa hizo zilimwingia kama mafuta kwenye ngozi kavu.

Mama mkwe wake, Bi Nyamvula, hakumsifu. Siku moja alikuja mpaka mpakani mwa bustani, akatua kapu limejaa majani makavu, akageuka akaenda zake bila neno. Mwatime alichungulia ndani ya kapu. Taka. Akasimama pale, masikio yanamchoma. Akajisemea, "Kumbe ndivyo anavyoniona." Akayamwaga majani kwenye moto wake pamoja na yale ya mkungu.

Vuli ilipokaribia likaja kapu la pili, samadi ya mbuzi iliyokauka. Hilo nalo alilichoma, huku ameziba pua. Mvua ya kwanza ikanyesha. Udongo uliofagiwa ukawa mgumu haukuyataka maji, maji yakakimbia juu juu, yakachukua na ule udongo mwembamba mzuri, yakaumwaga njiani. Mchicha ukabaki miguu nje. Mwatime aliuinamia akaushika.

"Mama, nifunike," mchicha ukasema. "Niko uchi."

Mwatime akaukazia udongo kidogo kwa kisigino, akaondoka. Siku ya pili akagusa bamia. "Nifunike," bamia ikasema. Akagusa mbaazi, neno lile lile. Mwatime akaona mimea ya Kizingo haina adabu. Toka siku hiyo akafunga mpini mrefu kwenye fagio lake, akawa anafagia kwa mbali asigusane na jani hata moja. Asiyetaka kusikia hakosi dawa.

Kiangazi kikaja na kapu la makuti ya paa la zamani, yameoza nusu. Yakachomwa. Ardhi ikapasuka nyufa ambazo mjusi aliingia asionekane. Masika yakaja na kapu la nne, magugu yaliyong'olewa kabla hayajatoa mbegu. Hayo yalikuwa mabichi yakakataa kuwaka, akayatupa bondeni. Mvua ya masika nayo ikapita juu ya ile sakafu yake, ikateremka mpaka jikoni kwa Bi Nyamvula, ikazima moto na kubeba mwiko. Bi Nyamvula aliuokota mwiko mlangoni, akaufuta kwa kanga, akamtazama mkamwana wake. Kinywa akakifunga. Desturi ni desturi.

Basi kipupwe kikarudi, na kijiji kizima kikajua kwamba kesho kutwa wanawake watakuja. Mwatime alisimama mbele ya kipande chake. Hapakuwa na mchicha, bamia wala mbaazi. Palikuwa na mkungu na udongo mwekundu uliopigwa ukapigika. Hapo ndipo alipoanza kuogopa, lakini woga wake ulikuwa wa kuaibika, haukuwa wa kujifunza. Hizo ni mbili tofauti.

Adhuhuri ya siku ya kuulizwa kwenyewe, watu wakiwa bado mashambani, alichukua jembe na kapu akaenda kisimani. Akakigusa kifauongo.

"Leo watakuja kuniuliza," akakiambia. "Mchicha wangu umekufa. Twende ukasimame kwangu useme umeota pale kwa mikono yangu."

"Sijaota pale," kikasema kifauongo.

"Najua. Nakuomba useme hivyo. Nami nitakupa kipande kizima kiwe chako. Hakuna atakayekukanyaga, wala hakuna atakayekumwagia maji machafu ya ndoo."

Kifauongo kilikuwa kimekanyagwa miaka mingi na kumwagiwa mengi. Kikauliza, "Mahali peupe pote pawe pangu?"

"Popote palipo peupe pawe pako."

Mwatime akakichimba. Kwa haraka yake jembe likakata mizizi, naye akasikia likikata, akajifanya hakusikia. Akabeba vishina kapu zima, akavisimika katika ule udongo mgumu, akashindilia kwa ngumi. Ukitazama kwa mbali, kipande kilikuwa kijani kibichi kama cha mtu aliyelala humo mwaka mzima.

Alasiri wanawake wakafika. Mbele alikuwa Bi Tabu, mzee ambaye mdomo wake ulikuwa mkali hata akinyamaza. Nyuma alikuwa Bi Nyamvula na mafiga matatu kichwani, amejifunga kibwebwe. Wale wengine wakaona ule ukijani wakaanza kunong'onezana vizuri. Bi Tabu akainama, akagusa jani.

"Wewe umeota wapi?"

"Hapa hapa," kikasema kifauongo. "Tangu vuli. Kwa mikono ya Mwatime."

Vigelegele vikapigwa. Haikuwahi kutokea mmea ukasema kisichokuwa, kwa hiyo nani angepima? Mwatime akainua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kuwatazama usoni.

Lakini Bi Tabu hakuondoa mkono. "Sauti hii naijua," akasema. "Si wewe uliyeniambia juzi kisimani kwamba ndoo yangu inavuja?"

Na jua la alasiri lilikuwa kali. Mbele ya macho yao wote majani yakaanza kufumba, mawili mawili, jani likiegemea mwenziwe, kuanzia nchani mpaka shinani. Kisha kikonyo kikalegea. Kisha shingo. Kimoja kikainama, na cha jirani yake, na vyote, mpaka kipande kizima kikalala kifudifudi kama watu waliopigwa. Bi Tabu akavuta kimoja. Kikatoka bila ubishi, mizizi imekatika, na udongo uliong'ang'ania pale ulikuwa wa kijivu. Udongo wa kisimani ni wa kijivu. Wa pale ni mwekundu kama damu ya mzee.

Hakuna aliyecheka. Mwatime angeshukuru kama mmoja tu angecheka, apate wa kumkasirikia. Walisimama, wakamtazama, halafu mmoja mmoja wakaanza kutazama pembeni, na huko kutazama pembeni ndiko kulikomkata. Akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Akaviona vidole vya miguu yake, na pembeni yake kile kifauongo, vimeinama pamoja.

Bi Nyamvula ndiye aliyesema. Mwaka ulikuwa umekwisha, sasa alikuwa na ruhusa.

"Makapu yangu manne yako wapi?"

"Niliyachoma, mama. La mwisho nililitupa."

"Uliyachoma."

"Nilidhani unanitupia taka."

"Taka ningetupa jalalani," Bi Nyamvula akasema. "Ninalo jalala, tena kubwa. Nilikatazwa kukufundisha kwa mdomo. Ningefanyaje, mwanangu? Majani ya kuifunika ardhi. Samadi ya kuilisha kabla mvua haijaja. Makuti ya kuikinga na jua. Magugu ukayalaze chini yaoze, yairudishie yalichokula. Kila msimu nilikuletea neno lake, na kila msimu nikaona moshi."

Basi hapo ndipo Mwatime alipoaibika kweli. Ile ya kwanza ilikuwa ya kukamatwa, na aibu ya kukamatwa hupoa kama uji. Hii ilikuwa ya kujua kwamba mwaka mzima alipendwa, naye akaziba pua. Bi Nyamvula akarudi nyumbani na mafiga yale yale kichwani. Hakugombeza. Jioni ile Mwatime alikwenda kuomba chumvi, akapewa, na mkono uliompa haukubana.

Makapu hayakuja tena. Mama mkwe hapeleki mara mbili. Mwatime alikaa siku sita akitazama ule mkungu ukipukutisha, na siku ya saba alichukua kapu tupu akaenda kusimama mlangoni kwa Bi Nyamvula. Hatua zile zilikuwa kama thelathini, naye alizihesabu kwa jinsi zilivyomwelemea.

"Nimekuja kuomba taka, mama."

"Taka gani?"

"Zile zile."

Bi Nyamvula akamjazia kapu mpaka likamwagika. Mwatime akalipokea kwa mikono miwili. Mwaka ule majani ya mkungu aliyaacha yalale yalipoangukia. Fagio alilifungua mpini mrefu akaliweka la uwanja tu, kule watu wanakokaa. Alitandaza samadi kabla ya vuli, akafunika makuti kiangazi, na masika ilipokuja maji yaliingia ardhini yakanyamaza. Aligusa mchicha wake auulize hali. Mchicha haukujibu. Akagusa bamia, kimya. Mimea yote ilikuwa imesikia uongo wa mwenzao, nayo iliona haya kwa niaba yake, ikafunga vinywa. Kwa hiyo kipupwe kilipofika, Bi Tabu hakuwa na wa kumuuliza. Alitia mkono ardhini kwenyewe, na mkono ukazama mpaka kifundo, ukatoka na udongo mweusi wenye unyevu na nyungunyungu mmoja mnene akijinyonganyonga.

"Mafiga yatueni," akasema, akajifuta mkono.

Mwatime akapika chungu chake. Alizaa, akazeeka, akawa yeye ndiye anayetua makapu mpakani kwa wakamwana wake. Lakini kila alipopita penye kifauongo alikizunguka, asikiguse, kama mtu anavyompisha njia mwenziwe anayejua siri yake.

Maana hakikufa. Kile kilichong'olewa na kutupwa pale pale kilishika ardhi kwa ubavu, kikapona. Ila hakikusimama tena, kikawa kitu cha kutambaa, na kikaota miba ili kisiulizwe. Ahadi yake ilibaki, popote palipo peupe ni pake. Ndiyo maana hata leo ukifagia bustani yako kila siku ukaiacha uchi, hukuti mchicha, unakikuta kifauongo kimekuja kudai mahali pake. Na ndiyo maana Kizingo bibi harusi akiletewa kapu la majani makavu anapiga goti kulipokea, na wazee hawaulizi bustani kitu, wanatia mkono.

Nacho kifauongo, ukikigusa hata kwa ncha ya kidole, kinadhani umekuja kukiuliza kimeota wapi. Hufumba majani mawili mawili, kikainama, kikangoja uondoke. Kwa hiyo ukikiona uwanjani kwako usikicheke. Geuka, katafute kapu.