Kikao Kinachoponya Mtandao

Sogeeni, sogeeni! Na wewe unayechezea simu, iweke mfukoni. Leo nawapa kesi ya kukata, na sitaki mtu aniambie "wote washinde". Jibu la kukwepa silipokei.

Pale Tanga, kwenye ofisi ya kutolea mizigo bandarini, walikuwepo wafanyakazi watatu wa muda, marafiki wa kula sahani moja. Kidawa alijaliwa macho: hata pazia likisogezwa, yeye keshaona. Mhina alijaliwa mikono: mpe redio iliyokufa, atakurudishia inaimba. Na Shekue, jamani, Shekue alijaliwa mdomo! Mtu aliyenuna tangu asubuhi, akikaa naye kidogo tu, atamweleza mpaka alichoota.

Mikataba yao ilikuwa inaisha Ijumaa, na nafasi ya ajira ya kudumu ilikuwa moja tu.

Sasa ofisi ikaingiwa na ugonjwa. Mtandao unakwenda vizuri, mara unasuasua, kompyuta zote zinaganda, wateja wanafoka dirishani. Halafu unapona wenyewe! Mafundi wa nje wakaja, wakabadilisha hiki na kile, wakaondoka, na ugonjwa uko pale pale. Bosi, Bwana Mbaraka, akapiga meza. "Atakayeutibu huu mtandao kabla ya Ijumaa, ajira ni yake!"

Weee! Hapo kila mtu akakunja mikono ya shati.

Kidawa aliacha kutazama kompyuta, akatazama watu. Bosi akaita kikao cha kuulalamikia mtandao, ukapona. Kikao kikaisha, ukaugua. Kesho yake vile vile. Kidawa akaruka kitini. "Jamani, mtandao unapona tukiwa kikaoni! Tukitoka tu, unaugua!"

"Basi tuhamie huko huko na vyakula vyetu," wakamtania. Ofisi nzima ilicheka, isipokuwa Mhina.

Mhina alikwenda moja kwa moja kwenye swichi, kile kisanduku zinapokutana nyaya za kompyuta zote. Kikao kilikuwa kimeisha, na taa za swichi zinapepesa kama zimepagawa. Akachomoa waya mmoja, akangoja, akaurudisha. Akachomoa mwingine. Alipochomoa ule uendao chumba cha mikutano, taa zikatulia papo hapo, na huko nje watu wakapiga kelele, "Umerudi!" Akauchomeka, ukaugua. Akauchomoa, ukapona. Lakini chumba kile hakiwezi kuachwa bila mtandao, ndimo bosi anamoongea na wateja wa mbali. Basi akaurudisha, akakimbilia chumbani, akachomoa waya alioukuta ukutani, akauchomeka kwenye laptopu yake apime. Mzima! Akapima tena, mzima. Akaurudisha kama alivyoukuta, bila kujiuliza ule waya wa laptopu ulikuwa unafanya nini ukutani. Maskini, alitaka kulia.

Shekue hakugusa waya wowote. Alichukua kahawa na kashata, akamfuata Bi Mwanakombo, mhudumu anayetunza chumba kile, mwanamke ambaye hata bosi anamwogopa.

"Shikamoo mama. Chumba chako kinang'aa! Kikao kikiisha unakifanyaje?"

"Marahaba mwanangu. Nafuta meza, napanga viti. Na ule waya wa laptopu siuachi ukalala chini, hata! Ncha moja iko ukutani nyuma ya kabati, basi na ya pili naichomeka tundu la jirani yake. Bosi alijikwaa siku moja, akasema hataki kuona waya sakafuni."

Shekue akapiga yowe, kahawa ikamwagika. Akawaita wenzake, wakakimbia wote watatu kwenda kutazama. Mhina akashika kichwa. "Ncha zote mbili ukutani! Data zinatoka kwenye swichi zinarudi kwenye swichi, zinazunguka tu bila kuisha, mpaka kazi za watu zinakosa njia!" Kumbe kila kikao kikianza, mtu anachomoa ncha moja aiweke kwenye laptopu yake, na mzunguko unakatika.

Waya ukakunjwa, ukawekwa kabatini, na mtandao ukapona kabisa. Bi Mwanakombo alipiga vigelegele, bosi naye akatazama pembeni, maana amri ilikuwa yake mwenyewe.

"Haya, nani aliyetibu?" akauliza.

"Mimi," akasema Kidawa. "Nisingeona, mpaka leo mngekuwa mnawalaumu mafundi."

"Mimi," akasema Mhina. "Wewe uliona ni wakati gani. Mimi nilionyesha ni wapi."

"Hapo ulipoonyesha si ulifika ukatoka mikono mitupu?" akasema Shekue. "Sababu niliileta mimi."

Mchana ule, kwa mara ya kwanza, kila mmoja aliagiza sahani yake.

Na sasa ni Ijumaa. Wamesimama nje ya mlango wa bosi, hawatazamani. Bwana Mbaraka amechoka kuwaza, kiti chake nakupa wewe unayenisikiliza. Haya, kaa. Utamwita nani aingie? Na wale wawili watakaobaki nje, utawaambia nini?