Chai Ikizidi Utamu

"Chai ikizidi utamu, uliza maji." Ndivyo alivyonong'ona shangazi yenu jana, yule mchuuzi alipokuwa akimwaga sifa za godoro lake, nanyi mkacheka mkidhani shangazi ameanza kuchanganya mambo. Hakuchanganya kitu. Haya, wekeni simu hizo chini, niwaeleze msemo huu ulizaliwa wapi.

Ulizaliwa Ndorweni, mji mdogo wa Upare, juu kule tangawizi inakolimwa. Maji ya mji yalitoka mtoni, yakajaa kwenye tangi kubwa kilimani, na kabla hayajashuka mabombani yalitiwa dawa ya klorini. Kazi ya kutia dawa ilikuwa ya Elinihaki Mbwambo. Kila asubuhi alipanda kilima, akapima dawa yake, akaitia, akashuka. Watu walimpenda Elinihaki, ila dawa yake hawakuipenda hata kidogo. Walisema chai ya Ndorweni inanuka hospitali. Abiria walioshuka kwenye basi walionja, wakakunja pua, wakauliza kama vikombe vimeoshwa kwa dawa ya choo.

Maneno hayo yalimuuma, lakini aliyameza, mpaka binti yake Nakijwa alipopata mchumba.

Sasa sikilizeni desturi ya huko. Wageni wa posa hawajibiwi kwa maneno. Hupikiwa chai ya tangawizi, na pande zote mbili hunywa pamoja. Vikombe vikikauka, posa imepita. Mgeni akiiacha chai yake, ameikataa nyumba. Mwenyeji akiinuka kabla vikombe havijaisha, ameikataa posa. Hakuna anayegombana. Watu huagana kwa adabu, na habari imekwisha. Jirani mmoja wa Elinihaki alikwisha kupoteza mkwe kwa njia hiyo: wageni wake, watu wa tambarare, walionja chai, wakaweka vikombe chini, wakaaga.

"Baba," Nakijwa alimwambia, "wakiiacha chai, uso wangu nitauweka wapi?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Asubuhi ya posa Elinihaki alipanda kilimani kama kawaida, akafungua ndoo ya dawa, akaitazama, kisha akaifunika tena. Mvua zilikuwa zimenyesha juma zima na mto ulikuwa umeshuka na taka za malishoni, naye alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Akajiambia ni leo tu, na tena chai itachemshwa, kuna nini? Ndivyo sote tunavyojidanganya tukishataka jambo.

Mchana wageni wakafika wakiongozwa na bibi wa yule kijana, Bibi Nakiete, kikongwe mwenye sauti ndogo aliyeogopwa na ukoo mzima. Chai ikamiminwa. Mshenga akaonja, akafumba macho.

"Hii sasa ndiyo chai!" akasema.

Mama Nakijwa alimtazama mumewe kwa furaha. Bibi Nakiete akapiga funda moja, akapiga la pili, kisha akabaki ameshika kikombe tu.

"Mkwe wangu," alisema, "chai hii ni tamu mno."

"Tunashukuru, mama."

"Mimi hupita Ndorweni nikienda sokoni. Chai yenu naijua, hainaga utamu huu. Maji mmechota wapi?"

Mshenga alicheka. "Bibi, umepewa chai nzuri, sasa unatafuta nini tena?"

"Chai ikizidi utamu, uliza maji," alijibu yule bibi bila kumtazama. "Mkwe, mmechota wapi?"

"Bombani, mama. Bomba letu hili hili."

"Mbona leo halinuki?"

Elinihaki angeweza kusema wamechota chemchemini, na hakuna ambaye angembishia. Alishafungua kinywa aseme hivyo.

"Sikutia dawa," alisema. "Ni leo tu, mama, kwa heshima yenu. Lakini chai imechemka, haina neno."

"Chai imechemka, ndiyo, na mimi haitanidhuru." Bibi Nakiete hakupandisha sauti. "Na yule aliyekinga mdomo bombani, amechemsha saa ngapi?"

Kupitia dirishani Elinihaki aliona watoto wametoka kucheza mpira, wanasukumana kwenye bomba la jirani, wanakunywa kwa viganja. Alijua anapaswa kuinuka saa ile ile, na akiinuka anaivunja posa ya mwanawe kwa miguu yake mwenyewe. Akamtazama Nakijwa, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Machozi yalikuwa yakimlenga. Alisogea kando, akampisha baba yake.

"Nenda, baba," alisema.

Alikwenda mbio. Aliwafukuza wale watoto bombani, akapanda kilimani akafunga koki kuu na kutia dawa, akashuka kuomba kipaza sauti cha msikiti, na kanisani akaomba wapige kengele. Alitangaza kwa jina lake kwamba maji ya leo hayana dawa, kosa ni la Elinihaki Mbwambo, na kila aliyechota ayamwage au ayachemshe. Watu walimtukana, na kwa kweli alistahili. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini watoto kadhaa waliharisha, mmoja akalazwa, na mama yake alichukua muda mrefu kumsamehe.

Jioni, dawa ilipokwisha kukolea, aliifungua tena koki, akarudi nyumbani akitarajia viti vitupu. Akawakuta wageni wote wamekaa palepale, vikombe mikononi, chai imepoa na kufanya utando. Hakuna aliyekuwa amenywa hata tone tangu alipotoka.

"Keti, mkwe wangu," alisema Bibi Nakiete. "Anayeinuka kwa kutukataa, tunamuaga. Wewe uliinuka kwa ajili ya watoto wa watu, tukasema tukungoje." Akamgeukia Nakijwa. "Mwanangu, mwaga hii. Tupikie nyingine kwa maji yaliyotiwa dawa."

Chai ya pili ilinuka dawa kabla haijavuka mlango. Mshenga aliikunjia uso kama mtoto anayenyweshwa kwinini. Bibi Nakiete aliinywa yote polepole, kisha akakipindua kikombe juu ya kisahani ili kila mtu aone.

"Haya," alisema, "nimejua mjukuu wangu anaoa kwa watu gani."

Wakanywa wote mpaka vikombe vikakauka, na Nakijwa akaolewa.

Mpaka leo chai ya Ndorweni inanuka dawa. Ukikunja pua wenyeji watakucheka, watakwambia unywe tu, hapo uko salama. Bali siku ikiteremka kooni laini, haina harufu, kila mtu anaisifu, usiwe mwepesi kumaliza kikombe. Ulizeni, wanangu, hata kama mnaowauliza ni watu mnaowapenda, hata kama sebule nzima itawakodolea macho. Chai ikizidi utamu, uliza maji.