Fisi na Matuta ya Marehemu

Mwaka ule mvua za vuli zilichelewa, na mlimani pakabaki shamba moja tu lenye unyevu: la Bi Kobe, mjane. Marehemu mumewe alilikatia matuta yaliyokingama mlima, akapanda nyasi za mabingobingo kingoni ili udongo usiteremke. Alifia pale pale, jembe mkononi. Mungu amrehemu.

Kabla arobaini haijasomwa, Fisi akapiga hodi.

"Shemeji, pole na msiba. Marehemu aliniachia shamba hili kwa mdomo."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu. Sikutoshi?"

Meno yake yalikuwa mengi kuliko mashahidi. Bi Kobe akateremka kwenye korongo la mawe chini ya shamba, akilia.

Fisi akayacheka matuta. "Ngazi za nini hizi? Marehemu alikuwa akipanda mbinguni?" Akayabomoa, akang'oa nyasi akazifanya godoro, akachimba mifereji kutoka juu moja kwa moja hadi chini, maana kulima ukiteremka hakuchoshi kitambi.

Sungura akapita. "Mzee, hiyo ni njia unayoyachimbia maji."

"Nyamaza, masikio wewe! Shamba lina mwenyewe."

"Naam, lina mwenyewe," akajibu Sungura, akaenda kumsaidia Bi Kobe kupanga kuta za mawe kukinga korongo.

Mvua ikanyesha siku tatu. Maji yakafuata mifereji ya Fisi kama wageni walioalikwa. Siku ya nne udongo mweusi ulikuwa umelala nyuma ya mawe ya Bi Kobe, na mbegu alizopanda Fisi zimo ndani yake. Juu kilibaki kipara cha mwamba.

Fisi akashuka mbio. "Udongo wangu! Rudisheni!"

"Chukua," akasema Bi Kobe.

Fisi akapandisha kikapu cha udongo, akaumwaga, manyunyu yakaurudisha. Akapandisha cha pili. Wanyama wakaja kutazama, wakicheka hadi wakakaa chini.

"Pumzika, bwana mkubwa," Sungura akasema. "Huo mwamba ni udongo ambao haujaiva. Jua litaupasua, mvua itaulamba, mizizi itautafuna. Na udongo uliotupita ukafika ziwani utalala huko hadi ugeuke mwamba tena. Wewe kaa, usubiri."

"Miaka mingapi?"

"Muulize marehemu. Si mlizungumza wawili tu?"

Bi Kobe hakucheka. Alikuwa ameinama, akipanda mabingobingo juu ya kuta, mstari kwa mstari, kama mumewe alivyomfundisha.