Mlima Mmoja, Kuta Tatu

Kesi ninayo mimi, wasikilizaji. Hukumu mnayo ninyi.

Huko Japani, katika kijiji cha mlimani ambacho vijana wote wamekihama, walibaki majirani watatu wasiotembeleana. Fumiko alijua kuchora: aliutazama mlima hadi ukabaki mistari miwili. Isao alijua kuchonga: patasi yake iliacha ukingo mwembamba kama unywele. Tokie alijua kupiga chapa: mkono wake uliufifisha wino hadi ukawa ukungu.

Wakakubaliana kuutengenezea mlima wao picha, kabla na wao hawajaisha.

Fumiko akatoa mchoro. Aliuchora asubuhi ile dada yake alipovuka mlima asirudi, na hakuwa na mchoro mwingine. Sasa, desturi ya kazi hii ni kuubandika mchoro juu ya ubao na kuchonga papo hapo, karatasi na mti pamoja, mpaka mchoro uishe. Akaubandika mwenyewe.

Isao akatoa ubao. Aliukata mti wa cheri ambao marehemu mkewe aliupanda mlangoni. Hakungoja ukauke, akauchonga mbichi, alitaka kumaliza kabla hajajuta.

Tokie akatoa karatasi, ya mwisho kati ya zile alizotengeneza mama yake kwa mkono. Akaupaka ubao wino, akailaza karatasi juu yake, akasugua, akaibandua.

Ubao ukalia ta! Ukapasuka katikati.

Basi picha ni hiyo moja. Wataalamu wa mjini watakwambia inahusu utupu wa nafsi. Wapi! Ni mlima, na weupe pale palipokuwa na njia.

"Inakaa kwangu," akasema Fumiko. "Bila mimi mngechapa nini?"

"Mti wangu umekufa kwa ajili yake," akasema Isao.

"Umekufa kwa pupa yako, mzee. Ubao mbichi!" Tokie akamkata. "Mnachokitazama ni karatasi yangu."

"Basi tuikate vipande vitatu," akasema Isao.

"Anza na kidole chako," akajibu Tokie.

Tangu hapo picha imetundikwa kwenye karakana ya Tokie, ikingoja uamuzi. Kila jioni wale wawili huja kuidai. Tokie huwamiminia chai huku akiwasema. Wanabishana, kisha wanautazama ule weupe. Isao ameshaleta mto wake wa kukalia.

Mkimpa mmoja, haki imetendeka, na kila mtu atarudi kwake afunge mlango. Msipompa yeyote, mmewadhulumu wote watatu.

Je, wewe ungeitundika kwenye ukuta wa nani?