Mtaro wa Tambaule

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti nyembamba? Waliokula waitikie, wasiokula wasogee karibu nami. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vijiji na majumbe, palikuwa na kijiji kiitwacho Tambaule. Kila mavuno, kila kaya ilipeleka kapu la mtama kwenye ghala la wote. Kapu linaingia, mlango unafungwa. Linaingia, unafungwa. Jumbe Nyati alilala mlangoni, akijisifu, "Mimi ndiye jumbe mwenye akiba!"

Lakini maji yalikuwa mbali, kule kwenye chemchemi ya kilimani. Na kazi haikuwepo. Vijana waliondoka mmoja mmoja kwenda kumchimbia Fisi mashimo, ng'ambo ya milima. Bi Mhanga, yule mnyama wa kuchimba kwa kucha, alimwona mumewe akienda. Mvua ikaja, mvua ikapita, mume hakurudi. Na sasa mwanawe Tifu alikuwa anafunga kifurushi.

"Nakwenda, mama."

"Kwa Fisi?"

"Nitafanyaje? Hapa kucha zangu zitaota kutu."

Bi Mhanga moyo ulimpasuka, lakini hakulia. "Ningoje mpaka jua litue," akasema. Akaenda kwa Jumbe, chapu chapu, chapu chapu.

"Jumbe, fungua ghala. Tuchimbe mtaro kutoka chemchemi mpaka kijijini. Anayechimba ale mtama."

Jumbe akacheka, hoo hoo hoo! "Akiba ya wote haiguswi, Bi Mhanga. Na kama ni mtaro, nitawaita Tembo wa nyika ya mbali. Wale wana nguvu. Kufumba na kufumbua, umekwisha."

"Mtama atakula nani?"

"Tembo."

"Na mtaro ukibomoka?"

"Tutawaita tena."

"Watakula nini tena?"

Jumbe akajilaza tena mlangoni pa ghala.

Bi Mhanga ana masikio marefu, mnamjua. Akalibandika moja kwenye ukuta wa ghala. Krr, krr, krr.

"Jumbe, ndani kuna nani?"

"Hakuna mtu. Mlango naulalia mwenyewe."

"Njoo usikilize."

Krr, krr, krr. Mlango ukafunguliwa, ngweee! Vumbi likamwagika. Makapu ya nyuma yalikuwa unga mtupu, fukusi, wadudu wala nafaka, wametapakaa humo, wanono. Ya mbele tu ndiyo yaliyosalia.

"Kumbe!" akasema Bi Mhanga kwa hasira. "Kijiji hiki wenye kazi ni fukusi! Mume wangu yuko kwa Fisi, fukusi wanashiba!"

Jumbe aliona haya. Nyati mzima, pembe chini. Akapiga ngoma kuwaita wote kazini, tindi! tindi! tindi!

Basi wakachimba. Wahanga wakachimbua, Tifu akiwa kati yao, Fuko wakapita chini ya mawe, Ngiri wakasukuma udongo kwa pua. Chungu kikachemka palepale mtaroni. Aliyefanya kazi alikula, akabeba na kibaba cha nyumbani.

Kobe akanung'unika, "Tembo wangemaliza zamani."

Kweli, wangemaliza zamani. Simdanganyi mtu. Mtaro ulipinda, wakagombana, wakafukia, wakaanza upya. Na kila asubuhi Bi Mhanga aliamka kwa hofu, akaenda kutazama kama Tifu bado yupo.

Mwishowe maji yakafika, shwaaa! Vijana waliokuwa ng'ambo wakasikia kwao kuna maji na kazi, wakarudi. Mume wa Bi Mhanga hakuwa kati yao. Hilo lilimuuma sana, wala halikuacha kumuuma.

Masika yakaja. Mafuriko yakabomoa ukingo, bwaa! Jumbe akatoka mbio kutafuta wa kuwaita. Akakuta wenyeji wamekwisha fika, matope mpaka magotini, Tifu yuko mbele.

"Nani amewaita?"

"Tuitwe na nani, Jumbe? Tumeuchimba sisi."

"Na mwakani ukibomoka tena, nimtafute nani?"

"Nitafute mimi," akasema Tifu. "Nitakuwepo."

Bi Mhanga alilisikia neno hilo. Akakaa chini, katikati ya matope, akalia mbele ya watu wote.

Wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: mali ya wote itengeneze vitu vya wote, na kazi hiyo wapewe kwanza wenyeji, wapate kula kwao na kubaki kwao.

Hadithi yangu imeishia hapo mtaroni. Mwenye matope mikononi akanawe.