Asubuhi Miguu ya Duma Ilipogoma

Hapo zamani, nyika ilipokuwa bado changa, Duma alikuwa akiamka na kuondoka papo hapo. Hakujinyoosha.

Wawindaji wengine walikuwa na desturi yao. Windo likiisha, walizunguka kilima kwa mwendo wa pole mpaka pumzi itulie, ndipo wakaketi. Desturi hiyo waliiita kuipoza miguu. Duma aliwacheka.

"Wapoze wenye miguu mizito," alimwambia binamu yake, Pakapori. "Mimi ni upepo."

"Hata upepo hutulia kidogo kidogo, binamu."

Mwaka huo masika yalikuwa marefu. Duma alishinda kichakani akiwakinga watoto wake wawili na mvua, hakukimbia hata mara moja. Jua lilipotoka alimfukuza swala bonde hadi bonde, akamkamata, akawalisha watoto. Kisha, mwili ungali moto, akajitupa juu ya jiwe baridi lililokuwa ng'ambo ya kichaka, akalala.

Kulipopambazuka alitaka kuinuka. Miguu haikuitika. Akajaribu tena; mapaja yakauma kana kwamba yametwangwa kinuni. Alijikagua. Hakuna mwiba, hakuna jino la nyoka. Jana alilala mzima! Maumivu gani haya, yanayokungoja ulale ndipo yaje?

"Nimerogwa!" alipaza sauti.

Fisi akatokea. Akamtazama, akaelewa.

"Shemeji, hujambo? Naona leo upepo umekaa kitako."

Akapita mbele yake bila haraka, akielekea kichakani. Hakuna fisi aliyewahi kupita mbele ya Duma bila haraka.

Pakapori alifika akihema. "Hukurogwa! Uliilaza miguu ingali moto. Nyoosha ya mbele, shusha kifua. Pole pole! Sasa ya nyuma, mmoja mmoja."

Duma alijinyoosha huku akilia. Akasimama. Akachechemea, akatembea, misuli ikaanza kulegea. Fisi, akitoka kichakani, alipomwona yu wima alitimua mbio. Mdomoni alikuwa na kitu.

Na tangu siku hiyo duma hapigi hatua ya kwanza kabla hajanyoosha miguu ya mbele, mgongo, kisha ya nyuma, mmoja mmoja. Paka aliyelala jikoni kwako naye hufanya vivyo hivyo, ingawa hana swala wa kumfukuza.

Asubuhi ile Duma alifika kichakani. Alimkuta mtoto mmoja.